Mayai ya Baridi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami nikakatisha sala ili nitazame kama masanduku ya kutagia kuku yanavuja. Niliyaunda mwenyewe, kwa maelekezo ya darasa la jioni la ufugaji.

Nilimkuta mke wangu ameinama bandani. Mkono mmoja ulishika mayai matatu. Wa pili ulikuwa ukiweka la nne juu ya nyasi kavu ndani ya sanduku, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Nililichukua. Yai lililotagwa sasa hivi huwa na joto. Hili lilikuwa baridi, limegandwa na tope.

“Nayaokota nyuma ya choo,” alisema. “Ndiko wanakotaga siku zote.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipofunga siku tatu ili kuku watage masandukuni, baba watoto. Ulikonda. Nikaona huruma.”

“Na Jumapili niliposimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu amejibu?”

“Nilipiga makofi kama wengine.”

Mlango wa uani ulibishwa. Seremala tunayesali naye na mkewe waliingia, daftari mkononi.

“Tumesikia ushuhuda wako, tumekuja kujifunza, mzee,” seremala alisema. “Kuku wetu wanataga hata ndani ya kiatu changu.”

“Waonyeshe tu masanduku,” mke wangu alininong’oneza. “Nakuomba.”

Niliwanyooshea yai.

“Jumapili nitasimama tena,” niliwaambia kwa sauti. “Nitasema kuku wangu hawajajifunza kitu. Na aliyekuwa akiyaweka mayai, nitamtaja.”