Njumu za Mshamu

Lugendo, mshambuliaji wa shule ya wageni, alianguka karibu na goli, akashika kifundo cha mguu na kupiga yowe. Hakuwa ameguswa. Mshamu, beki wa shule ya wenyeji, alikuwa nyuma yake na mikono juu, kwa sababu tayari alikuwa na kadi ya njano.

Mwalimu aliyekuwa refa alikuja mbio. Akatoa njano ya pili, kisha nyekundu.

"Mwalimu, sikumgusa," Mshamu alisema. "Muulize mwenyewe."

Refa akamgeukia Lugendo. Lugendo akainama, akawa anakaza kamba za njumu ambazo hazikuwa zimelegea. Njumu zenyewe zilikuwa za Mshamu. Kabla ya mechi soli ya Lugendo ilibanduka, na Mshamu akamletea jozi yake ya akiba bila hata kumuuliza jina.

Mshamu akatoka. Penalti aliipiga Lugendo mwenyewe, kwa njumu hizo hizo, ikaingia.

Mpira ulipokwisha alizivua, akazifuta udongo kwa jezi yake, akamfuata Mshamu nje ya uzio.

"Nimekurudishia."

Mshamu hakunyoosha mkono. "Kaa nazo tu, kaka. Jumamosi mna fainali. Utacheza na nini?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Basi la wageni likapiga honi. Ndani, wenzake Lugendo walikuwa wakiimba jina lake. Lugendo alibaki kwenye vumbi na soksi zake, njumu zikining'inia mkononi, asijue aelekee wapi.