Mchi wa Sikudhani

Sikudhani alitoka ndani akamkuta wifi yake, Mwanakombo, anatwanga mahindi uani. Tangu ijulikane kuwa Sikudhani ana saratani ya tumbo, hakuna aliyemwacha ashike hata ufagio.

"Nipe mchi."

"Rudi ukalale, wifi. Mgonjwa hatwangi."

"Daktari kasema nikienda kwenye kisu cha upasuaji nimebaki mifupa, huenda nisitoke. Nyama za mwili ndizo zitakazonivusha, na hazijengwi bila kazi. Nyinyi mnanilaza tu, kama mnanizoesha kaburi!"

Mwanakombo akaukumbatia mchi. Sikudhani akaung'ang'ania, bangili zikimteremka hadi kiwikoni kwa jinsi mikono ilivyokonda. Mwishowe wifi akaachia, machozi yakimlengalenga.

Pigo la kwanza halikuvunja hata punje. La pili lilimyumbisha. Sikudhani akatema mate kando, akatanua miguu.

"Usinililie mimi. Chukua mchi mwingine, tupokezane."

Majirani waliokuja kumpa pole mgonjwa walisita mlangoni. Uani kinu kilikuwa kikilia kwa michi miwili, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na ule mwepesi haukunyamaza.