Kaburi Moja, Hotuba Moja

Sheria yenyewe haina maneno mengi: anayetaka Bunge libane biashara ya bunduki lazima awe amezika mtu wake aliyeuawa kwa risasi, na kaburi moja humpa hotuba moja tu. Mimi nilimsemea mwanangu Mwakio mwaka juzi. Wabunge walisimama kwa heshima, wakanipa pole, kisha wakaukataa mswada.

Hata hivyo, kila Jumamosi kina mama wa chama chetu hukutana sebuleni kwangu. Atakayehutubia tunampikia chai, tunamfundisha la kusema, tunamfunga leso ya kijani. Mswada unarudi Bungeni wiki ijayo, na sisi sote tumeshasema. Jumamosi hii leso ilikuwa mezani, imekunjwa.

"Mara iliyopita tulikosa kura chache tu," alisema Wakesho, mwenyekiti wetu, aliyemzika mumewe. "Tukipata mmoja wa kusema, safari hii utapita."

"Na tusipompata?" nikamuuliza.

"Tutampata, dada. Usikate tamaa."

Tulikuwa bado tunanywa chai milio ya risasi iliposikika upande wa sokoni, mfululizo, kisha kimya. Kila mmoja akapiga simu kwake. Binti yangu Mghoi alipokea, akasema yuko kwa shangazi yake, anamenya viazi. Mmoja baada ya mwingine tukashusha pumzi. Wetu wote walikuwa salama.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wakesho aliinuka taratibu, akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, nami nikajikuta nainyoosha leso.