Leso ya Mfalme wa Roki

Ndani ya kabati la kioo la makumbusho, kati ya gitaa na viatu vya ngozi, walikuwa wametundika leso yangu.

Kibao kilisema: "Kilemba cha Muindi, mfalme wa roki. Zawadi ya shabiki wa Mombasa."

Shabiki! Doti ile niliinunua mimi, sokoni Matuu, tumbo likiwa mbele. Nikaikata vipande viwili, kimoja cha kujifunga, kingine cha kubebea mtoto. Asubuhi Muindi alipotutoroka, mimi na mtoto wake, alibeba kimoja, akaenda kukifunga kichwani na kupiga makelele majukwaani mpaka akafa.

Sasa watu wazima na ndevu zao walikuwa wanajipiga picha na zile korosho nyekundu zilizochorwa kwa leso yangu. Mmoja alibusu kioo. Nilijizuia kucheka.

"Susu, usiegemee hapo," akasema msichana anayewazungusha wageni, akiniita nyanya kwa Kikamba. Kisha akaona mgongo wangu, mahali mjukuu wangu alikuwa amelala, amefungwa kwa kile kipande kingine. Macho yakamtoka. "Ngai! Zinafanana kabisa! Kumbe uko na ya pili? Tafadhali tupatie, tuiweke pamoja na yake. Hii ni historia, susu."

Mgongo ulikuwa umeanza kupata joto, na joto lenyewe lilikuwa linateremka hadi kiunoni.

Nikamshusha mtoto. Nikaikunja leso polepole, nikamwekea yule msichana mikononi, akaikumbatia kifuani kabla hajahisi kuwa imelowa.

"Chukua," nikamwambia. "Na kwa kibao uandike ni zawadi ya mjukuu wake."