Pete ya Karatasi ya Sita

Daktari alishasema kwamba isipopatikana dawa, mguu wa Shomari utakatwa. Kwa hiyo mkewe, Sikudhani, akaenda maabara kuomba awaone hao wadudu wa kidonda cha mguu walioshinda dawa.

Kitwana, mpimaji, alimwekea mezani kisahani chenye mfuniko. Usaha wa kidonda ulipakwa humo jana, juu yake vikapangwa vikaratasi sita vya duara, kila kimoja na dawa yake.

"Dawa ikiwaweza, hawaisogelei, mama."

Utando mweupe wa wadudu ulikuwa umekibana kikaratasi cha kwanza pande zote.

"Hicho kina dawa gani, mwanangu?"

"Zile kapsuli za rangi mbili za dukani."

"Alikuwa anameza mbili, maumivu yakipoa anaacha."

"Waliobaki hai ndio wamezaana hawa."

"Wabishi kama mwenyewe," alisema Sikudhani, akazidi kuinama.

Cha pili vilevile, hadi cha tano. Cha sita kilizungukwa na pete nyembamba isiyo na utando.

"Hiyo inatosha?"

"Ngoja niipime. Upana wake ukifika kipimo, dawa hiyo itawaweza."

Pumzi ya Sikudhani ilikuwa imetia ukungu kwenye mfuniko. Kitwana akaufuta kwa kitambaa, akashusha rula taratibu juu ya pete.