Kilichomo Ndani ya Boriti

Siku ya kumwoza binti yake, Mwanasiti alitaka kutundika taa kwenye boriti ya sebuleni. Alipouegemeza msumari kwenye mti, kabla hata hajainua nyundo, ukazama wote kama umechomekwa kwenye mkate.

Akajaribu kwa kidole. Rangi ya kijani, ambayo bado iling'aa, ikapasuka kama ganda la yai. Ndani yake mti ulikuwa umegeuka vipande vya kahawia vinavyovurugika, vimetandwa na nyuzi nyeupe nyembamba. Harufu ya uyoga ikampiga usoni.

"Kaka Mbwana, hebu njoo uone!"

Kaka yake, fundi seremala, akatazama, akaubonyeza mti kwa kidole gumba. "Ni kuvu," alisema kwa sauti ya chini. "Huingiza nyuzi zake, hutoa maji makali yanayoyeyusha mti, kisha huunyonya. Boriti imeliwa, dada. Imebaki rangi tu."

Juu yao, ghorofani, wanawake walikuwa wakicheza ngoma. Vumbi la kahawia likammwagikia Mwanasiti machoni.

Alipanda ngazi mbio. "Acheni ngoma! Tokeni mmoja mmoja, mpite kandokando ya ukuta!"

Walipouona uso wake walitii, mpaka akabaki bibi harusi peke yake katikati ya sakafu, mikono ikiwa na hina mbichi.

"Mama, kuna nini?"

"Usikimbie, mwanangu. Njoo polepole."

Binti akainua mguu mmoja. Chini yake kitu kikalia taratibu, kama biskuti inayovunjwa.