Nyati Hana Benchi

Zamani wanyama walikuwa na chuo, na chuo kilikuwa na timu. Kocha Nyati aliifundisha misimu ishirini kwa amri moja: ukitolewa usiulize sababu, mpe mkono anayeingia, kakae benchi.

Swala, alipokuwa mchezaji wake, aliwahi kutolewa katikati ya fainali, akatoka analia. Sasa ndiye mkuu wa chuo, na timu imefungwa mechi sita mfululizo.

"Mwalimu, umechoka," alisema. "Kocha mpya ni Duma."

Nyati hakuuliza sababu. Alimpa Duma mkono, akaligeukia benchi. Lilikuwa limejaa, na hakuna aliyesogea kumpisha.

"Nikae wapi?"

Swala akainamisha pembe. "Kocha akitolewa, mwalimu, huenda nyumbani."

"Sawa, mwanangu," alisema Nyati. "Ila siku ile nilipokutoa, nilikukalisha ubavuni mwangu."